Msiwafungie madereva kwenye ligi moja

Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa wenu wa michezo kwamba madereva wa F1 (Formula 1) na wale wa rali ya dunia wakatazwe kabisa kuendesha mashindano ya nje, eti mtu analipwa mamilioni halafu anaenda kuumia kwenye resi isiyomhusu. Nimelisoma mara mbili na bado nasema hapana. Ligi haina haki hiyo. Dereva akishamaliza resi yake Jumapili, wikendi inayofuata ni yake na ya timu iliyomwajiri, hao ndio walikaa mezani wakasaini, kama timu inaogopa basi iandike kwenye mkataba na imlipe kwa hilo, lakini wanaoendesha ligi wakae kando.

Najua kila anayetaka marufuku anamtaja Robert Kubica, dereva wa F1 kutoka Poland, na kusema kweli ile ajali iliniuma sana. Februari 2011 alikuwa ametoka kwenye majaribio ya magari ya F1 huko Valencia, Hispania, siku ya mwisho yeye ndio alikuwa na muda bora kuliko wote, siku tatu baadaye akaenda kuendesha rali ndogo ya Andora kule Italia. Skoda yake ikagonga kingo ya barabara, ile reli ya chuma ikapenya kutoka mbele ikaingia mpaka alipokaa yeye, navigeta wake akatoka salama lakini Kubica alibanwa humo ndani zaidi ya saa moja na mkono wa kulia nusura ukatike wote. F1 hakurudi kushindana mpaka 2019. Sasa watu wanaishia hapo. Hawasemi kwamba timu yake ilijua na ilimruhusu, na hawasemi kilichofuata, maana kwa miaka mingi mkono ule ulimzuia kuendesha gari la F1 na hakuna timu ya huko iliyompa kazi ya kushindana, ila rali ilimpokea, 2013 akachukua ubingwa wa WRC2, daraja la pili la rali ya dunia, halafu mwaka 2025 yeye na Yifei Ye na Phil Hanson wakashinda Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, na ile Ferrari ya njano namba 83. Huyo mtu angefungiwa kwenye ligi moja tangu mwanzo angerudi wapi?

Tena ajali haina kinga. Dereva wa F1 Mark Webber alivunjika mguu 2008 akiwa kwenye baiskeli huko Tasmania, mwenzake Fernando Alonso aligongwa na gari 2021 akiwa kwenye baiskeli Uswisi akavunjika taya, Lance Stroll 2023 baiskeli tena, akaumia mikono. Sijasikia ligi ikipiga marufuku baiskeli. Na hata Jim Clark, bingwa wa F1 aliyefariki Hockenheim, Ujerumani, Aprili 1968 kwenye resi ya Formula 2, daraja lililo chini ya F1, gari lilitoka barabarani likaingia kwenye miti kwa sababu hapakuwa na kizuizi chochote pale, tatizo lilikuwa ile sakiti na si kwamba aliendesha Formula 2.

Jambo lingine ambalo watu hawalioni ni kalenda. Mwaka huo wa Clark F1 ilikuwa na resi 12 tu, mtu alikuwa na nafasi ya kwenda Indianapolis, Clark mwenyewe 1965 aliiacha Monaco akaenda akashinda Indy 500, mbio kubwa za huko Marekani, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia. 2024 na 2025 zimekuwa resi 24, kwa hiyo marufuku tayari ipo hata kama hakuna aliyeiandika. Nico Hülkenberg alishinda Le Mans 2015 na Porsche akiwa dereva wa timu ya F1 ya Force India, mwaka uliofuata wakaweka resi ya F1 ya Baku wikendi ileile ya Le Mans, basi, hata kutetea ushindi wake hakuweza. Alonso 2017 ilibidi aikose Monaco ndio aende Indy, timu yake ya McLaren ikamkubalia na Jenson Button akaendesha gari lake. Akaongoza mizunguko kadhaa pale, imebaki mizunguko 21 injini ikafa. Mimi nilikuwa siangalii Indy kabisa, mwaka ule niliangalia mpaka moshi ulipotoka kwenye gari lake, na tangu siku hiyo sijaikosa. Hiyo ligi ya F1 ilipoteza nini?

Sisi tunaokaa karibu na Naivasha tumeliona hili kwa macho. Juni 2022 Sébastien Ogier, bingwa wa rali ya dunia mara nyingi, aliendesha Le Mans, na hata wiki mbili hazijaisha alikuwa hapa kwenye vumbi la Safari Rally, akamaliza wa nne, Toyota zikachukua nafasi zote nne za juu. Nani alikaa pale Kedong akasema huyu jamaa kachoka? Kalle Rovanperä, dereva mwenzake wa Toyota, naye 2024 alikuwa anaendesha rali chache tu za dunia huku anashindana na Porsche kwenye sakiti za Ulaya, na bado alikuja hapa akashinda Safari.

Kuna mahali pamoja tu ambapo nakubali ligi iweke mpaka, nayo ni pale mkubwa anaposhuka kula chakula cha watoto. NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani, ilifika hapo, kuanzia 2006 mpaka 2010 ubingwa wa ligi yao ya pili ulichukuliwa kila mwaka na dereva wa ligi ya juu, na Kyle Busch peke yake 2010 alishinda resi 13 za ligi hiyo. Kijana aliyekuwa anatafuta mdhamini atamwonyesha nini mdhamini wakati Jumamosi zote anashinda bingwa? Ndio maana 2011 wakasema kila dereva achague ligi moja ya kuhesabiwa pointi, na 2017 wakawawekea wakongwe kikomo cha resi wanazoweza kuendesha kwenye ligi za chini. Hilo ni sawa kabisa, linamlinda mdogo. Lakini haohao NASCAR mwaka 2025 wakasema dereva akikosa resi yao kwa sababu ya mashindano mengine anaweza kuruhusiwa kuingia mchujo wa ubingwa ila ananyang'anywa pointi za bonasi, hii ni baada ya dereva wao Kyle Larson kucheleweshwa na mvua kwenye Indy 500 ya 2024 akaikosa resi yao ya siku hiyohiyo. Hapo hapakuwa na mdogo aliyelindwa, walikuwa wanalinda tiketi zao tu.

Kinachotakiwa ni kupangana tarehe. 2018 mbio za Fuji, Japani, za WEC (ligi ya dunia ya mbio ndefu) zililetwa mapema kwa wiki moja ili zisigongane na F1 na Alonso aweze kwenda, ila walifanya kwa ajili ya mtu mmoja, na wengine waliokuwa na mbio za Petit Le Mans huko Marekani wikendi hiyo mpya wakabaki wanalalamika. Wakae wote mezani kabla mwaka haujaanza.

Na hapa kwetu pia. Karan Patel alikuwa bingwa wa Afrika 2023, na ubingwa huo haupatikani kwa kuzunguka Kenya peke yake. Wanaopanga kalenda ya rali ya taifa nawaomba waziache wazi wikendi za Uganda, Tanzania na Rwanda, na vijana wanaotaka kuvuka mpaka wapewe vibali vyao mapema.

Mpenzi wa rali,
Gilgil