Barua ya wazi kwa wanangu mnaoficha vidonge kabatini kwa kuogopa aleji

Wanangu, marahaba wote. Leo sijaja na salamu nyingi kwa sababu nimekasirika, na nikikaa nayo rohoni nitaumwa.

Juzi nimetoka wodini kumwona binti wa jirani yangu. Shingo imevimba mpaka kidevu hakionekani, wamempasua pembeni kutoa usaha na kampira kamechomekwa pale, kuongea hawezi anaandika kwenye karatasi. Na ilianza na jino tu. Aliandikiwa amoksilini, antibayotiki ya ukoo wa penisilini, akanunua kwa hela yake, akafika nayo nyumbani akaiweka kwenye droo chini ya khanga, hakumeza hata kimoja. Siku tano mama yake anamuuliza umekunywa dawa, anajibu nimekunywa. Kumbe usiku anakaa na simu anasoma habari za watu waliovimba koo wakafa, kidonge kiko kiganjani, maji yako pembeni, moyo unamwenda mbio, anakirudisha. Nikamuuliza mwanangu mbona hukusema? Akaniandikia: "Bibi wangeniona mshamba."

Si mshamba. Kaka yake alichomwa sindano akiwa mdogo akavimba uso, akaanguka chini, na huyu binti alikuwepo pale amemshika mama yake gauni. Kitu kama hicho mtoto hakisahau. Lakini aleji ya kaka yako si yako, hilo hakuna aliyekaa naye akamwambia. Daktari hakumuuliza anaogopa nini, muuza dawa hakumuuliza, na sisi wazee tuliomzunguka tukaona ameshanunua dawa basi kazi imekwisha.

Sasa nikamuuliza mama mtu, ile sindano ya kaka yake iliitwaje? Anasema ile nyeupe, inauma. Jamani! Nimefanya unesi miaka 34, zahanati za vijijini huko mkoa wa Tanga, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mtu anakuja anasema mimi nesi nina aleji na dawa. Dawa gani? Vile vidonge vikubwa vyeupe. Dawa nyeupe ziko ngapi duniani? Panadol nyeupe, septrini nyeupe, metakelfini nayo ilikuwa nyeupe. Mwingine anasema nina aleji na antibayotiki, zote, hivyo ukimpata na nimonia utamtibu na nini?

Na kosa si lake peke yake. Angalieni tunavyouziwa dawa. Muuzaji anachukua mkasi anakata vidonge sita kwenye ubao, jina linabaki kwenye kipande chake, wewe unapewa bahasha ya kaki imeandikwa 2x3 na hakuna kingine. Ukitokwa na vipele kesho utasema nini? Utasema bahasha ya kaki imenidhuru? Mimi nawaambia, na nitasema mpaka nichoke, usitoke dukani bila jina. Mwambie akuandikie jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni tu, andika kwenye simu, andika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Na ikikudhuru andika jina, tarehe, ulipata nini, baada ya muda gani. Hayo mambo manne tu. Na mwambie nesi ajaze ile fomu ya njano ya madhara ya dawa inayokwenda TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, mkumbusheni, wengi tunaona uvivu, mimi mwenyewe nilishawahi kuacha kuijaza na najuta.

Maana jina linaokoa. Fansida na metakelfini za malaria, na septrini, zote zina dawa za ukoo mmoja ndani, salfa. Kuna baba mmoja kila akinywa dawa ya malaria anatokwa kidoa cheusi kwenye mdomo, palepale, kinapona kinaacha alama. Alidhani karogwa. Miaka ikapita akapewa septrini ya kikohozi, kidoa kikarudi mahali palepale na safari hii na malengelenge. Angekuwa na kikaratasi kimeandikwa salfa hakuna ambaye angempa.

Halafu mjue kutofautisha. Klorokwini enzi zetu ilikuwa inawasha, nyie wa sasa hamkuikuta maana Tanzania iliiacha mwaka 2001, mimi ilinishika viganja na nyayo kama nimekanyaga upupu, usiku mzima najikuna kwa kitana. Watu wakasema wana aleji, wakawa wanakunywa nusu dozi, malaria inarudi. Wengi wetu haikuwa aleji, yalikuwa maudhi ya dawa. Tumbo kuvuruga, kichefuchefu kidogo, kuharisha kidogo kwa amoksilini, mara nyingi ni maudhi, mwambie aliyekupa dawa msaidiane. Marekani wameshaona kwamba katika watu 10 wanaosema wana aleji ya penisilini, kama 9 wakipimwa vizuri wanakutwa hawana. Lakini wamepimwa hospitali! Usijipime mwenyewe chumbani kwa kulamba robo kidonge, aliye na aleji ya kweli hata robo inaweza kumwangusha.

Aleji yenyewe mbaya inakuja haraka, mara nyingi ndani ya dakika chache au saa moja hivi: mwili unatoka mabaka yanayowasha, midomo na ulimi vinavimba, sauti inakwaruza, kifua kinabana kinapiga filimbi, kizunguzungu mpaka unaanguka. Hapo usikimbilie piritoni ukalala. Piritoni inatuliza muwasho, koo haifungui. Dawa yake ni sindano ya adrenalini ya paja, kwa hiyo ni bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote, hospitali sasa hivi. Na ukipata nafuu usidai kurudi nyumbani muda huohuo, inaweza kurudi baada ya masaa.

Ile nyingine inakuja taratibu, baada ya siku au wiki: homa, macho mekundu, vidonda mdomoni na sehemu za siri, ngozi inachubuka. Acha dawa, nenda siku hiyohiyo. Wa ARV na wa TB, kipele kidogo kisikufanye uache kimyakimya, rudi kliniki wakuangalie wao.

Na woga wenyewe, wanangu, siuchukii. Moyo kudunda, mikono kutetemeka na vidole kufa ganzi kabla hata hujameza, huo ni woga, kidonge kingali mkononi. Useme kwa mtu. Dawa mpya ianze asubuhi, siyo usiku peke yako, na mtu yupo nyumbani na nauli ipo mfukoni. Kama ni sindano omba ukae benchi nusu saa, sisi zamani tulikuwa tunawakalisha na hakuna aliyeona aibu. Simu weka mbali, usiku siyo wa kusoma vifo vya watu. Ukiwa bado na wasiwasi rudi kwa daktari umwambie naogopa, kwa maneno hayohayo, akikucheka tafuta mwingine.

Na nyie waume na mama wakwe mnaosema "kunywa bwana acha kudeka", acheni. Huyu binti aliogopa maneno hayo kuliko jino.

Ametoka kwenye dripu, daktari amemuuliza vizuri safari hii, kesho anaanza vidonge. Nitakuwa kitandani kwake saa tatu asubuhi na saa yangu ya mkononi, tutakaa wote. Wengine wenye bahasha za kaki ndani ambazo hamjui ni za dawa gani, njooni nazo jioni nyumbani kwangu, hata kama ni tupu, twende pamoja dukani tukaulize jina.