Watathmini wa miradi ya sayansi waje wakati wa mvua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze namna miradi ya kimataifa ya elimu ya sayansi inavyotathminiwa huku kwetu kusini. Mfano wa miradi hiyo ni GLOBE, uliotangazwa Marekani mwaka 1994 na kuanza kazi mwaka 1995, ambao wanafunzi wa nchi nyingi hupima mvua, joto na mawingu, kisha vipimo vyao huwekwa pamoja ili wanasayansi wavitumie. Wazo lenyewe silipingi hata kidogo.

Mradi mwingine wa aina hiyo, ambao sitautaja jina, ulifika shuleni kwetu wilayani Newala nilipokuwa nikifundisha jiografia. Watathmini wake walikuja mwezi Agosti. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Agosti mikorosho inachanua, wazazi wanapulizia salfa kuzuia ubwiri unga, na kipima mvua kimejaa vumbi. Wageni walihesabu walimu waliohudhuria mafunzo, wakapiga picha, wakagawa madodoso ya Kiingereza. Vijana wa kidato cha pili walijibu “ndiyo” kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, likiwamo lililouliza kama walipata shida na lililouliza kama hawakupata shida yoyote.

Januari iliyofuata, kijana mmoja kati yao aliniletea daftari la vipimo akiwa na mashaka. Usiku ule hatukusikia mvua ya maana, ila asubuhi chombo kilikuwa na maji. “Mwalimu, hii si mvua, ni mwembe unachuruzika,” alisema, akaomba tukihamishie uwanjani, mbali na miti na mapaa. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ambayo mradi ule uliyapata shuleni kwetu, na hayakuwa na kisanduku katika dodoso lolote.

Napendekeza wanafunzi wapimwe kabla ya mradi kuanza na mwaka mmoja baada ya wafadhili kuondoka, wakilinganishwa na wa shule jirani isiyokuwa na mradi, kwa kupewa chombo mkononi na kuulizwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ifanyike Januari. Najua barabara yetu huteleza mwezi huo, lakini bodaboda zinafika.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara