Barua kwa shangazi yangu anayesema manesi tumezoea

Shikamoo shangazi,

Najua hii utasomewa na mmoja wa watoto kwa simu, naye atakwambia ati nimekuandika mtandaoni. Usikasirike, jina lako sijalitaja na sitalitaja. Naandika huku manake nikikuanzia uso kwa uso unaingia jikoni kunitilia chai na mazungumzo yanaishia hapo.

Ni ile kauli yako ya "waacheni manesi, wao wamezoea". Juzi umeisema tena mbele za watu, ati korona imeisha miaka hio yote na mimi bado nashtuka usiku, itakuwa kuna jini limenipanda, nitafutiwe mtu wa kunisomea. Kusomewa sikatai, Qur'ani ni dawa. Lakini kuzoea, hapana.

Hebu kumbuka 2020. Tarehe 13 mwezi wa tatu serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza, wiki mbili baadaye kafyu, na siku ile ile ya kwanza watu wakapigwa na kutupiwa vitoa machozi pale feri Likoni wakikimbilia kuvuka kabla ya saa moja. Mwezi wa nne Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, wa tano Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, na Ramadhani yenyewe misikiti imefungwa. Hayo mnayajua nyote. Msiyoyajua ni ya wodini.

Kule ndani ukishavaa PPE, yale mavazi ya kujikinga, hunywi maji, manake ukienda choo lazima uvue yote na hazitoshi, kwa hio unamaliza zamu koo limekauka na barakoa ya N95 imekuchimba pua. Jina lako linaandikwa kifuani kwa maka peni, mgonjwa hakuoni uso, anaona macho na maandishi basi. Na jamaa zake hawaruhusiwi kuingia. Hapo ndo penye mambo, shangazi. Maiti nimeziona tangu niko chuo, kwa hilo pengine una haki. Ila kwetu mtu hafi peke yake, ana wa kumtilia maji mdomoni, wa kumtamkisha shahada, wa kumfumba macho, na kazi hizo zote zikatuangukia sisi huku mgonjwa wa kitanda cha pili anatazama na anajua zamu yake huenda ni usiku huo huo. Simu unaitia kwenye mfuko wa plastiki unamwekea sikioni, binti yake yuko Kisauni anasoma Yasin, analia, anakatika, anaanza upya, na wewe umeishika hio simu mpaka mkono umekufa ganzi na huwezi kuondoka manake hakuna mwengine wa kuishika. Kulikuwa na mwenzetu Mkristo kutoka bara, yeye shahada aliiandika kwa herufi za kizungu kwenye kipande cha boksi la glovu akakibandika ukutani pale kwa meza ya manesi, ili akiwa peke yake usiku na mgonjwa Muislamu amtamkishe. Alikuwa anatuomba tumsahihishe matamshi. Saa hii unesi ameacha, anauza mitumba, ukimuuliza anasema tu alichoka.

Asubuhi hakuna nafasi ya kulia. Unatoa ripoti, kitanda cha nne ameaga, cha sita oksijeni inashuka, unaenda zako nyumbani, na huko majirani wanafunga madirisha ukipita. Mwenye nyumba aliniambia nitafute kwengine nisije nikamuulia wapangaji. Alafu jioni kwa TV tunaitwa mashujaa. Na kichekesho ni kwamba huo 2020 WHO, Shirika la Afya Duniani, walikuwa wameshautangaza mwaka wa wauguzi na wakunga, kwa miaka 200 ya kuzaliwa Florence Nightingale, mama aliyeanzisha unesi wa kisasa. Mwaka wetu tukaumaliza Disemba tukiwa kwa mgomo, tunadai vifaa vya kujikinga na bima na marupurupu ya hatari, na wewe shangazi ukanitumia voisi ya kunilaani, iko bado kwa simu yangu.

Utasema mbona sikusema. Nimwambie nani? Kaunsela tuliyeletewa ni mtu tunakula naye kantini, faili linapita kwa watu ninaowajua wao na watoto wao. Nesi akionekana kwenye benchi la kliniki ya akili, kesho yake watu wananong'ona kama ni sawa aachiwe funguo za kabati la dawa. Na waliofika mahali pa kuyachoka maisha ndo kabisa hawakuthubutu, manake kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwe kosa la jinai, mpaka Januari 2025 ndo Mahakama Kuu ikasema kinakiuka katiba. Wagonjwa kama hao tumewauguza sisi, askari kakaa kando ya kitanda. Ukishaona vile, mdomo unaufunga.

Kwa hio nimetafuta mama mmoja mshauri huko Ukunda, hanijui mimi wala hamjui mwenzangu yeyote. Nalipa kwa mfuko wangu na wallahi si rahisi. Hanipi dawa, ananiuliza maswali naongea, mara nyengine nakaa kimya tu saa nzima, na usingizi umeanza kurudi kidogo kidogo. Na kama ni jini shangazi, basi hili lina tabia ya ajabu, linapanda nikisikia mlio wa mashine ya oksijeni tu.

Ukoo wetu huu mtu akikohoa naitwa mimi, msiba ukitokea naitwa kuosha, saa nane za usiku simu inalia. Sijasema siji tena. Ila kuna siku ntasema siwezi, na nataka ikubaliwe bila kuitiwa kikao cha wazee.

Jumamosi ntakuwa Ukunda, simu nimezima mpaka adhuhuri. Dawa zako za presha nimempa mamdogo, umeze zote, na tafadhali usizigawe kwa majirani kama zile za mwezi uliopita.