Taarifa ya mwenyekiti mwaka 2024, pamoja na ile hela ya farasi

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha baiskeli, salamu nyingi. Hii taarifa ilikuwa niisome kwenye mkutano mkuu wa Novemba ila mnajua kilichotokea, tulifika watu 8 na katiba inataka 14, tukanywa chai tukarudi makwetu. Kwa hiyo naituma hapa kwenye grupu na naomba muisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kujibu.

Shughuli mnazijua, napita haraka. Tumetoka na baiskeli mara 14, nyingi Mount Tamalpais, huu mlima wetu wa California kaskazini ya San Francisco, kwenye zile barabara za vumbi za magari ya zimamoto, mara 3 kwenye hifadhi ya China Camp, na siku moja tulienda makumbusho ya baiskeli pale Fairfax. Nyama choma ya Julai ilifana. Mafunzo ya kuziba pancha yalifanyika, nilifundisha mimi. Wapya wamejiunga 5. Tulipata msiba mmoja, poleni tena wafiwa.

Haya, tuje kwenye farasi, yule mnayenilaumu kwa kumlipia matibabu na hela ya chama.

Najua kila mtu ana hadithi yake, basi sikilizeni ya mtu aliyekuwepo. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, kama saa tatu asubuhi, tunashuka. Mwenzetu mmoja, simtaji, anajijua, na ada hajalipa vilevile, alikuwa ametuacha mbali, masikioni kaweka muziki, akaingia kwenye kona ambayo huoni kilichoko mbele na wala hakugusa breki. Ng'ambo ya kona alikuwepo mama mmoja mtu mzima juu ya farasi wake. Farasi kashtuka, kageuka, kamwangusha yule mama, halafu kakimbilia kwenye mawe na mguu wa nyuma ukachanika vibaya. Mama aliteguka mkono, matibabu yake kalipiwa na bima yake mwenyewe. Mimi nilifika dakika mbili tatu baadaye na ni mimi niliyemfuata farasi kwa miguu mpaka nikamshika hatamu, sijawahi kushika farasi maishani. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu kaandika humu kwamba mwenyekiti hakuwepo.

Daktari wa mifugo alimshona, bili ikaja $1,150. Nikalipa kutoka mfuko wa chama. Ndiyo nililipa, na ikitokea tena nitalipa tena.

Maneno niliyosikia baada ya hapo sitayarudia yote. Lililoniuma ni hili la "farasi wa Mzungu kapewa $1,150, msiba wa mwenzetu kapewa $800". Jamani. Hiyo $800 ni kiwango mlichopitisha wenyewe kwa kunyoosha mikono, sikupanga mimi, na juu yake tulizungusha mchango mwingine mpaka mwili ukafika nyumbani, na nani alikuwa anapiga simu usiku kuwakumbusha? Katiba inasema mwenyekiti na mweka hazina wanaweza kutoa hela bila kikao kama ni dharura inayogusa jina la chama. Kikomo haikuandika. Mweka hazina alikubali kwa simu, mara mbili, sasa hivi anasema alisikia $150. Mtandao kule mlimani unakatakata, hilo nakubali.

Kwanini nilisema inagusa jina la chama? Kwa sababu ya jezi zetu za njano. Wazungu mia wakishuka mbio mlimani watu wanasema ni waendesha baiskeli, sisi sita tukishuka wanasema ni wale. Yule mama alikuwa na picha. Angeweza kwenda kwa marenja, wale askari wa hifadhi, angeweza kwenda kwa wakili, na kila mmoja wetu aliye na jezi ile angekuwa ndiye. Hakwenda popote, alinipa bili tu na kuniuliza kama mwenzetu hakuumia. Sasa mtu wa namna hiyo unaanza kumwambia subiri tuitishe kikao, kikao ambacho watakuja watu 8?

Halafu sheria haikuwa upande wetu hata kidogo. Kwenye barabara zile mwisho ni maili 15 kwa saa, yaani kama kilometa 24, na kwenye kona isiyoonekana au ukimpita mtu ni maili 5. Marenja huwa wanatega rada, si hadithi. Na ile alama ya pembetatu tunayoipita kila siku inasema baiskeli inampisha mtembea kwa miguu na farasi, mtembea kwa miguu anampisha farasi, farasi hampishi mtu. Ndiyo utaratibu wa huku.

Sasa kuna wanaosema mbona farasi ndio wanaharibu njia, wanaacha samadi, mvua ikinyesha kwato zinachimba mashimo. Kweli kabisa, na mimi nimeshakanyaga. Na ninaelewa uchungu mwingine mkubwa zaidi, kwamba ukienda pale hifadhi ya Point Reyes kwenye eneo lililotengwa kuwa nyika, farasi wa kilo 450 mwenye viatu vya chuma anaingia na wewe na baiskeli yako ya kilo 13 unaambiwa geuka. Hiyo inatokana na sheria ya nyika ya Marekani ya 1964 iliyokataza usafiri wowote wa kimashine, na mwaka 1984 Idara ya Misitu ikaandika wazi kwamba baiskeli nayo imo. Kinachochekesha ni kwamba huu mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani umezaliwa hapahapa, akina Gary Fisher na Joe Breeze walikuwa wanashindana kushuka ile barabara ya Repack kuanzia 1976, breki zinaunguza grisi yote mpaka inabidi kuipaka upya, kwa Kiingereza repack, ndipo jina lilipotoka. Na bado njia nyembamba nyingi za mlima wetu haturuhusiwi kukanyaga. Inauma. Lakini yule farasi wa Mei hakuandika sheria ya 1964.

Mwezi wa tisa yule mama alitualika bandani kwake tujifunze. Nilitangaza wiki tatu, nikaweka bango, nikanunua sambusa 60 kwa hela yangu. Wakaja watu 4 kati ya wanachama 41. Wanne! Sambusa tumekula mpaka aibu. Hao wanne walijifunza kwamba farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa na kitu chochote kinachokuja kimya na kwa kasi yeye anaelewa ni simba, hajui mambo ya gia za Shimano. Ukikutana naye simama, shuka, kaa upande wa bondeni, na uongee. Sema chochote hata Kiswahili, tulijaribu, akisikia sauti anajua kumbe ni mtu. Farasi mwenyewe kapona ila bado ana kovu.

Tena kabla ya hapo, mwezi wa Juni, kwa sababu ya ile ajali nilinunua kengele 41 za baiskeli kwa $14 moja, jumla $574, na hili nalo nimelaumiwa. Mmesema tunafanana na wauza aiskrimu. Sawa, lakini tangu Juni hatujapata tukio hata moja, mwenye hesabu nyingine ailete.

Fedha. Tulianza mwaka na $1,904. Ada waliolipa yote ni 17, nusu 9, na 15 hawajatoa hata senti, hiyo imeleta $2,580. Nyama choma ilibakiza $615. Tumetoa farasi $1,150, kengele $574, msiba $800, vifaa vya huduma ya kwanza $210. Imebaki $2,365. Ada ambayo haijalipwa ni $2,340, yaani farasi wawili na chenji inabaki. Naona wanaopiga kelele zaidi kuhusu farasi mmoja ndio wanadaiwa hao wawili. Na mhusika wa ile kona aliahidi kurudisha $400 kidogokidogo, mpaka leo sijaona hata ya kwanza.

Mwakani Mungu akipenda tutajaribu kuongea na watu wa farasi tuone kama tunaweza kupangiana muda Jumapili asubuhi, na kama hali ikiruhusu tujitolee siku moja kutengeneza njia, na kuna wazo la safari ya mbali ila tutaona. Uchaguzi utafanyika akidi ikitimia. Mimi sing'ang'anii kiti, ila anayekitaka aanze kwa kulipa ada.

Kengele 11 bado ziko kwenye buti la gari langu tangu Juni, zinalia kila nikipita tuta. Njooni mchukue.