Bweni la Tabora nililizoea, la Ujerumani limenishinda

Ndugu Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Ujiji, na ninasoma shahada ya uzamili nchini Ujerumani kwa ufadhili. Kwa sasa nipo nyumbani kwa likizo, ambayo kwa bahati iliangukia harusi ya dada yangu. Mwishoni mwa Septemba natakiwa kurudi, kwa kuwa muhula huanza Oktoba, na kabla sijapanda ndege ni lazima niwe nimewajibu wenye hosteli kama naendelea na chumba changu au nakiacha. Ukilisikia ni jambo dogo, lakini ndilo linaloninyima usingizi.

Maisha ya bweni si mageni kwangu. Kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita nilisoma Tabora, katika bweni la vitanda vya dabodeka tulimolala wasichana zaidi ya arobaini, tukigombea bomba moja la maji, tukiazimana ndoo na kuficha asali na karanga ndani ya tranka ili matroni asizione. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kule kila mwanafunzi ana chumba chake, na kwamba watu watano tungechangia jiko na bafu tu, nilicheka. Mama aliogopa baridi. Mimi sikuogopa chochote.

Kumbe bweni la kule ni kitu kingine kabisa. Unampita mtu kwenye korido, unamsalimia, anakutikisia kichwa bila kusimama, na siku tatu zinapita hamjatamkiana neno. Kwetu Ujiji ukipita kimya mlangoni kwa jirani, kabla jua halijazama mtoto atakuwa ametumwa kumuuliza mama yako una nini. Mwezi wa Desemba, ambapo kule giza huingia saa kumi jioni, kuna siku nilipokea simu ya baba nikakuta sauti imenikauka, kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nimezungumza na mtu yeyote.

Kanuni zao nimejifunza na sina ugomvi nazo. Kelele mwisho saa nne usiku. Jumapili ni siku ya utulivu na maduka hufungwa (Jumapili yangu ya kwanza nilishindia biskuti nilizopewa kwenye ndege). Karatasi zina pipa lake, vifungashio pipa lake, na mabaki ya chakula pipa lake. Zamu za kusafisha jiko zimebandikwa ukutani, na nikiri kwamba jiko lile ni safi kuliko lolote nililowahi kuchangia na watu.

Tatizo langu lilianza na dagaa. Shangazi alikuwa amenifungia dagaa wakavu wa hapa Kigoma pamoja na chupa ya mawese, baada ya kumweleza kwamba nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa kule, ila samaki wa matumizi ya mtu binafsi hawana shida. Jumamosi moja usiku nikabandika sufuria. Mpishi wa kwetu huyaacha mawese mpaka yafuke moshi ndipo atie kitunguu, nami nikasubiri moshi huo, dirisha nikiwa nimelifunga kwa ajili ya baridi. King'ora cha moto kikalia, tena si jikoni tu bali jengo zima. Dakika chache baadaye watu wa ghorofa zote tulikuwa nje kwenye theluji, wengine wamevaa ndala, na mimi nimeshika mwiko. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana yakaisha! Asubuhi nilikuta karatasi kwenye mlango wa friji, yenye mwandiko mzuri, ikiwaomba wanaopika vyakula vyenye harufu kali wawafikirie wenzao, na wiki iliyofuata ofisi ya hosteli ikaniita ikanisomea malalamiko ambayo mwandishi wake sikutajiwa.

Tangu hapo naishi kama mpangaji anayedaiwa kodi. Napika wenzangu wakiwa darasani, nalia chakula chumbani, nafuta jiko mara mbili. Ramadhani ndiyo ilinizidi, kwa kuwa daku huangukia ndani ya saa zao za utulivu, na sikutaka kusikika nikigonga sufuria. Nilikula mkate na ndizi gizani, na jioni nikafuturu peke yangu, mimi niliyezoea mkeka wa barazani ambapo hata mpita njia huitwa.

Nisiwaonee, hata hivyo. Msichana wa chumba kinachotazamana na changu, ambaye ndiye ninayemshuku kwa ile karatasi, siku moja aliona picha ya MV Liemba niliyobandika ukutani akauliza ni meli gani. Nikamweleza kwamba iliundwa kwao, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma ndani ya makasha, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Hakuwahi kuisikia. Tuliongea karibu nusu saa, yeye kasimama kwenye kizingiti, mimi nikijiuliza kama kumkaribisha ndani ni adabu au ni kumsumbua. Kesho yake akarudi kunitikisia kichwa.

Sasa Mtanzania mwenzangu ananiita tupange pamoja nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji. Kodi yake ni kubwa kuliko ya hosteli, na mwenye nyumba anataka fedha ya dhamana ya miezi mitatu, kiasi cha juu kabisa ambacho sheria yao inamruhusu kudai. Nikijibana nitaweza. Ninachohofia ni Kijerumani changu, ambacho hata sasa kinachechemea. Nikihamia kwenye Kiswahili na ugali kitakufa kabisa. Baba, aliyefanya kazi reli maisha yake yote, ananiuliza kwa mshangao: wasichana arobaini wa Tabora niliwaweza, hawa wanne wamenishindaje? Mama yeye anasema niende mahali ambapo chakula kitapita kooni. Shangazi hajasema lolote, ila naona ameshaanika dagaa wengine.

Naomba unishauri, nihame au nibaki? Na kama ni kubaki, nianzie wapi? Kwetu ningebeba sahani nikagonga mlango wa yule msichana, lakini sahani yenyewe ndiyo iliyoleta kesi, na sijui kama kumuuliza waziwazi juu ya ile karatasi kutafungua mazungumzo au kutayafunga moja kwa moja. Wasomaji waliopata kukaa hosteli za nchi za baridi nao wanisaidie. Jibu la hosteli linatakiwa kabla ya tarehe 15 Septemba.

Ni mimi,
Binti wa Ujiji, Kigoma