Gari likigonga kwenye rasta, usikimbilie kununua shokapu

Mama mmoja alifika gereji kwetu asubuhi na Toyota IST yake, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa na maboksi mawili ya shokapu mpya za mbele. Alikuwa ameshazinunua Kariakoo. Gari lilikuwa linagonga, ko ko ko, kila likipita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani, na kwenye vishimo vya mtaani kwao, na jirani akamhakikishia kwamba hizo ni shokapu zimekufa. Alichotaka ni tumfungie tu, awahi kazini.

Tukamwomba atupe nusu saa. Kijana wetu akaingia uvunguni, akashika linki ya stabilaiza ya upande wa kulia, kile kifimbo kinachounganisha gurudumu na chuma kinachozuia gari kulala upande, akaitikisa kwa mkono, na sauti ile ile ikatoka hapo hapo, gari likiwa limesimama. Linki ilikuwa imelegea, ya kushoto nayo iko njiani. Shokapu zote mbili zilikuwa kavu kabisa, hazina hata tone la oili. Tulibadilisha linki mbili, kelele ikaisha. Zile shokapu alirudi nazo nyumbani, maana kwenye risiti ya duka yapo yale maneno tunayoyajua wote: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hali hii tunaiona mara kwa mara, na inaniuma kwa sababu pesa ya mtu imekwenda mahali ambapo haikuhitajika. Gari linalogonga mbele, mara nyingi tatizo ni linki za stabilaiza, bushi (raba) za loa amu, yaani ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, boljointi, yaani kile kiungo cha mviringo kwenye ncha yake, au ile raba ya juu inayoishika shokapu kwenye bodi. Shokapu yenyewe ikifa, mara nyingi hufa kimya. Oili inavuja kidogo kidogo kwa miezi, na dereva anazoea kidogo kidogo, mpaka siku anaazima gari la ndugu yake ndipo anagundua kuwa lake linayumba.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yake. Uzito wa gari unabebwa na springi. Ukiingia shimoni springi inajibana, ukitoka inafyatuka, na ikiachwa peke yake ingeendelea kupanda na kushuka kama kitanda cha springi kilichorukiwa na watoto. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna oili na pistoni yenye vitundu vidogo. Oili inalazimishwa kupenya kwenye vitundu hivyo, na nguvu ya springi inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye barabara mbovu ukagusa shokapu isiyo mbovu utaikuta ina joto. Ukikuta ya kushoto ina joto na ya kulia imepoa, iangalie vizuri hiyo iliyopoa, huenda haifanyi kazi. Gusa kwa uangalifu, na usisogeze mkono karibu na bomba la moshi.

Kwa hiyo mteja akija na kusema gari limelala nyuma, anataka shokapu, jibu letu ni kwamba tukague springi kwanza. Shokapu mpya haitaliinua gari ambalo springi zake zimechoka.

Sasa, utajuaje? Wengi wanalijua lile jaribio la kuegemea kona ya gari, kulibonyeza kwa nguvu na kuliachia. Likipanda, likashuka mara moja na kutulia, vizuri. Likiendelea kunesanesa, shokapu ya kona hiyo imekwisha. Jaribio hili ni la kweli ila usiliamini peke yake, kwa sababu linakamata ile iliyokufa kabisa tu. Shokapu iliyobaki na nusu ya nguvu inalipita bila shida, halafu inakuangusha ukiwa kilomita 80 kwa saa kwenye kona yenye mawimbi.

Mimi nikifika kwenye gari naanza na matairi. Weka kiganja juu ya tairi, kipitishe taratibu kuzunguka sehemu inayokanyaga lami. Tairi zuri linateleza sawasawa chini ya mkono. Tairi la gari lenye shokapu mbovu lina milima na mabonde: hapa pameliwa, hapa pamebaki, hapa pameliwa tena, kwa sababu gurudumu lilikuwa linadunda badala ya kukanyaga. Usichanganye na tairi lililoliwa upande mmoja tu. Hilo kwa kawaida ni suala la alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooshwa sawa. Lililoliwa katikati limejazwa upepo kupita kiasi. Mabaka nayo yanaweza kuletwa na tairi ambalo halijabalansiwa, ndiyo maana tunaangalia na vitu vingine kabla ya kusema neno.

Kisha ni oili. Hapa naomba jambo moja: usipeleke gari kuoshwa uvungu kwa presha siku moja kabla ya kuja kukaguliwa. Watu wanafanya hivyo kwa heshima, hawataki tushike uchafu, lakini uchafu ndio ushahidi wetu. Shokapu inayovuja inakamata vumbi, na vumbi linaganda kama tope jeusi kuanzia kwenye sili, ile raba inayozuia oili isitoke, kushuka chini. Tukikuta unyevu mwembamba tu karibu na sili, kama jasho, hatuhukumu. Tunaufuta kwa tambara na kukwambia uendeshe wiki moja urudi. Ukirudi pakiwa pamelowa na oili inatiririka, basi shokapu hiyo kazi yake imekwisha.

La mwisho ni kuliendesha. Tunapanda na wewe, unaendesha mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye unayelijua lilivyokuwa zamani. Ukishika breki, pua inainama sana? Basi la abiria likikupita kwa kasi Morogoro Road, unalazimika kulirudisha kwa usukani? Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, matako ya gari yanahama upande? Dalili hizi nazichukulia kwa uzito kuliko kelele yoyote, kwa sababu zinamaanisha tairi linaachana na barabara, na tairi lililo hewani halina breki. Mvua ikinyesha ni mbaya zaidi.

Kilomita zinazotajwa sana ni kukagua kila 20,000 na kufikiria kubadilisha kwenye 80,000. Ichukue kama kumbukumbu tu. Gari linalolala Kinyerezi kwenye njia ya mawe na lile linalotembea lami tupu hayazeeki pamoja. Na kama umeinua gari kwa kuweka spesa, kile kipande cha kuongeza urefu, kwenye springi, ujue shokapu zako sasa zinaishi zikiwa zimevutwa kuliko zilivyoundwa, na kila gurudumu linapodondoka shimoni zinafika mwisho wake mapema. Zikague mara nyingi zaidi.

Tukikubaliana kwamba zinabadilishwa, tunabadilisha mbili za ekseli moja, hata kama iliyokufa ni moja. Mpya na kuukuu zikikaa pamoja gari linakuwa na tabia mbili. Zile za mbele kwenye magari kama IST zimezungukwa na springi, na springi hiyo inafunguliwa kwa kifaa chake cha kuibana. Ukimwona fundi anaifunga kwa waya au mnyororo, sogea mbali naye, ikifyatuka inavunja mfupa. Baada ya kufunga za mbele, gari linakwenda alaimenti. Za nyuma za IST hazihitaji.

Za mtumba hatuzikatai, tunajua hali ya mfuko. Ila zijaribiwe kabla hujalipa: simamisha shokapu, ibonyeze rodi, kile chuma kinachoingia na kutoka, mpaka chini, ivute. Iwe nzito kwa usawa mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia sehemu inaporomoka bila uzito, iache hapo hapo dukani. Rodi yenye kutu au mikwaruzo iache pia, itakula sili. Za gesi hupanda zenyewe taratibu. Za oili tupu hazipandi, na hilo si kosa. Zile zilizotobolewa, zikajazwa oili na kuchomelewa, hatufungi kwa mteja yeyote.

Ukaguzi unachukua kama nusu saa, na bei ya kazi tunakwambia kabla hatujafungua boliti hata moja.

Yule mama bado anakuja kwetu kwa sevisi. Maboksi yake yamelala stoo nyumbani, na nimemwambia ayatunze. Siku yake ikifika tutazisimamisha shokapu hizo wima na kuzipampu mara nne au tano kwanza, kwa sababu zikilala muda mrefu hewa huingia mahali pa oili, kisha tutamfungia.