Kilio cha msituni katika "Shujaa Okonkwo"

Mhariri,

Makala iliyotoka katika gazeti lako Jumapili iliyopita ilieleza kwamba riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kiswahili kwa jina la "Shujaa Okonkwo", ni kisa cha jamii iliyokuwa imara mpaka wamisionari walipoibomoa. Ndivyo wanafunzi wengi wanavyofundishwa kujibu mitihani. Naomba nafasi nieleze kwa nini naona usomaji huo unaruka kurasa ambazo mwandishi alizipanga kwa uangalifu mkubwa.

Tuifungue sura ya 7. Ikemefuna, kijana aliyelelewa miaka mitatu nyumbani kwa Okonkwo na kumwita baba, anauawa, na Okonkwo mwenyewe anamkata kwa panga kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Nwoye, mwana wa Okonkwo, anapotambua kwamba Ikemefuna hayupo tena, halii; kitu kinakatika ndani yake kama upinde uliovutwa mno. Papo hapo Achebe anaturudisha kwenye msimu wa mavuno uliotangulia. Nwoye na wenzake wanatoka shamba la mbali, wamebeba vikapu vya viazi vikuu, wanasikia kitoto kichanga kikilia msituni. Wanawake waliokuwa wakizungumza wananyamaza ghafla na kuongeza mwendo. Kwa mila ya Umuofia, kwao Okonkwo, mapacha hutiwa ndani ya vyungu na kutupwa humo. Kwangu mimi ukimya ule ndio kiini cha kitabu kizima, kwa sababu kila mmoja anajua kinacholia, na kila mmoja anajua kwamba haruhusiwi kugeuka.

Wakati huo hakuna mmisionari hata mmoja Umuofia. Wamisionari wanapokuja kuhubiri Mbanta, kwa wajomba wa Okonkwo anakoishi uhamishoni na familia yake, katika sura ya 16, Nwoye haelewi lolote kuhusu Utatu. Kinachomvuta ni wimbo, na Achebe anasema waziwazi kwamba wimbo ule ulielekea kujibu swali la mapacha waliolia msituni na swali la Ikemefuna. Katika sura inayofuata, mwanamke wa kwanza kujiunga na kanisa ni Nneka, mjamzito ambaye mara nne alijifungua mapacha na mara zote nne wakatupwa. Siwezi kuamini kwamba mpangilio huo umetokea kwa bahati tu.

Ipo hoja kwamba kusoma hivi ni kuwasafisha wakoloni. Naipinga kwa nguvu. Kanisa liliingia kupitia ufa uliokuwapo, lakini serikali iliingia kwa mabavu na hila: viongozi sita wa Umuofia wanaitwa na Mkuu wa Wilaya kwa mazungumzo, wanafungwa pingu, kisha matarishi wa mahakama wanawanyoa vichwa na kupandisha faini kutoka mifuko 200 ya kauri (simbi zilizotumika kama fedha) hadi 250 ili hiyo 50 waigawane wao. Achebe hawaonei haya hata kidogo watu hao. Wala haoni kwamba kuwashtaki kunamlazimu kuinyamazia Umuofia, na ndiyo maana amempa Obierika, rafiki wa Okonkwo, kazi zote mbili: yeye anayemwambia Mkuu wa Wilaya usoni kwamba ndiye aliyemsukuma Okonkwo hadi kujiua, ndiye yuleyule aliyekaa akajiuliza, katika sura ya 13, mapacha wa mkewe aliowatupa kwa mkono wake walikuwa wametenda kosa gani.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro